Imeli ya Mikonga

Gari la kwenda Mombasa lilitarajiwa mchana, na asubuhi hiyo mwenyekiti aliingia ofisini bila kumsalimu mtu. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa mtu wa kuulizia watoto wa kila mmoja, hata sisi ambao hatukuwa na watoto. Siku hiyo alipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya karani, akaweka ndovu wa mti wa jakaranda juu ya karatasi zake, akauliza:

"Nani alisema mikonga iwe juu?"

"Mnunuzi," karani akajibu.

"Alisemea wapi?"

"Kwa imeli, Mwenyekiti. Si nilikusomea mwenyewe?"

"Nakumbuka ulinisomea. Sikumbuki ulisoma nini."

Yule ndovu alikuwa amesimama hapo katikati yao, mkonga umeelekea dari kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani.

Chama chetu kilikuwa cha wachongaji, wengi wao watu wa Ukambani, na karakana ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya viwanda vya Baba Dogo. Upepo ukitoka machinjioni Kiamaiko tulifunga madirisha. Ukitoka kwenye jaa la taka la Dandora tulifunga na milango. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kwenye kona ya banda, na ndani yake mlikuwa na simu, kompyuta, printa, karani na mimi, tukifuatana hivyo kwa umuhimu. Karani alikuwa mwanamke wa rika langu aliyeishi Dandora na mama yake na watoto wake wawili, na nyumba hiyo yote ilikula kupitia meza ile. Mimi nilikuwa na shahada ya fasihi, pamoja na cheti cha kompyuta kutoka chuo kilichokuwa juu ya bucha huko mjini, ambako tulifundishwa kuiwasha mashine, kuizima na kuiheshimu. Chama kiliniajiri nisaidie "mambo ya kompyuta". Kwa miezi kadhaa mambo hayo yalikuwa ni kuipangusa vumbi la mbao.

Msimu wote ule wachongaji walikuwa wamechonga ndovu, na vifaru wachache tu. Ndovu wakubwa, wa wastani, na wadogo wa kuenea kiganjani, na wote wameinua mikonga kwa sababu karani aliwaambia mnunuzi wa ng'ambo ametaka hivyo. Kumbe alfajiri hiyo mwenyekiti alikuwa amepitia soko la Gikomba, na huko mwenzake wa biashara akamwambia kwamba wazungu siku hizi hawataki mikonga ya juu, inavunjika njiani, kila mtu amerudi kuchonga ya chini. Na mkonga ukishachongwa juu, hakuna tezo inayoweza kuushusha.

"Ikiwa tumekosea, atarudisha shehena yote," mwenyekiti akasema. "Na hatatuandikia tena. Nionyeshe hiyo imeli."

Nilijitia kuwa na busara, nikauliza kwa nini tusimpigie mnunuzi simu. Karani alikwisha kujaribu. Kwao ilikuwa usiku, na simu ya duka lake ililia peke yake mpaka ikachoka. Kumwandikia tungeweza, lakini jibu tungeliona jioni, na jioni ndovu wangekuwa wamekwisha kupita Mtito Andei.

Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama karani. "Gari likifika kabla sijaisoma hiyo imeli kwa macho yangu, vifaru watapakiwa, ndovu watabaki. Na wewe, mama, utaenda nyumbani na usirudi." Halafu akanigeukia mimi, bila hata kushusha sauti. "Wewe msomi, ingia kwenye hiyo mashine uitoe. Ukiipata, sawa. Usipoipata, hiki kiti kitahitaji mtu."

Alisema hayo karani akiwa amekikalia kiti chenyewe. Alisimama, akakivuta nyuma, akanipisha. Nilitamani angalau anisonye.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa vitambaa vya kufuma, kimoja juu ya kioo, kimoja juu ya kibodi na kimoja juu ya kasha lake, vyeupe vyenye pindo la waridi, kama seti ya kochi katika nyumba ya watu wanaojiheshimu. Nikavitoa kimoja kimoja. Mashine ikawaka polepole, ikihesabu mambo yake. Dirishani wachongaji walikwisha kukusanyika na tezo zao mikononi, maana ndovu ni wao, na ikiwa watabaki banda zima litalala na njaa ya msimu mzima.

Nikafungua mahali pa imeli. Palikuwa na ujumbe mmoja tu, uliofika jana yake, ukitutakia siku njema.

"Nyingine ziko wapi?" nikamuuliza karani.

"Huwa nafuta."

"Unafuta?"

"Nikishapiga chapa, nafuta. Ni agizo." Hakusema la nani.

"Mimi ndiye niliyesema," mwenyekiti akadakia. "Mashine ni kama stoo. Ukijaza vikuukuu, vipya utaviweka wapi?"

Mtu ameendesha stoo maisha yake yote, na hajawahi kuona stoo isiyojaa.

Sasa, ndani ya mashine ile kulikuwa na chombo cha kutafutia, na hicho ndicho kilichokuwa utaalamu wangu wote. Unaandika jina la faili, au neno lolote unalodhani limo ndani ya faili, unabonyeza, na kioo kidogo cha kukuzia kinaanza kuzunguka kwenye skrini, kinazunguka na kuzunguka, kama mtu aliyeangusha sindano zuliani. Chuoni tulikuwa tumekitumia kutafuta faili ambazo mwalimu alizificha mwenyewe. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya faili za mwalimu.

Nikaandika jina la mnunuzi. Kioo kikazunguka. Nyuma yangu mwenyekiti alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda ngazi. Vikatokea hati za bei, barua ya pole kwa msiba wa mwanachama, na hati nyingine za bei. Nikaandika neno la Kiingereza la mkonga. Kioo kikazunguka muda mrefu zaidi, nami nikaanza kutumaini, kwa sababu nilikuwa bado kijana wa kudhani kwamba anayekawia analeta kitu. Kikasimama. Hakikuleta chochote.

"Jaribu ndovu," mtu akasema dirishani. "Kwa Kiswahili. Pengine karani aliandika mwenyewe akaweka."

Lilikuwa wazo zuri. Nikaandika *ndovu*, nikabonyeza. Kioo hakijamaliza hata mzunguko mmoja, faili zikaanza kumiminika: SURA1, SURA2, SURA3, SURA3MPYA, SURA3MPYAKABISA. Nilikimbilia kufunga, lakini mwenyekiti alikwisha kuweka kidole kwenye skrini.

"Hiyo ni nini? Fungua."

"Mwenyekiti, hiyo si—"

"Fungua!"

Nikafungua. Akainama, akasoma kwa sauti ile anayosomea Maandiko siku ya Jumapili: "'Alisimama dirishani kama ndovu aliyesahau njia ya kwenda majini, na moyo wake ukawa mzito kwa uzito usiopimika.' Huyu ni nani?"

"Ni mtu. Katika hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Yangu."

Kisha mchongaji mmoja mzee akaingiza kichwa dirishani, akauliza kwa upole wote: "Msomi, huyo wako, mkonga uko juu ama chini?"

Banda zima likaangua kicheko, mimi pia nikajaribu, nikatoa sauti kama ya mlango. Mwenyekiti hakucheka. Mwanga ulikuwa umemfikia.

"Kumbe ni wewe! Kumbe sura zako ndizo zimejaza mashine, zikasukuma imeli ya watu nje!"

Nilimweleza kwamba mashine haifanyi hivyo. Nilieleza kwa ufasaha wa chuo kikuu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoamini nadharia yake. Hapo nikaelewa kwamba kiti cha karani hakingekuwa changu, na yawezekana hata hiki changu kilikuwa kimeanza kuyumba. Jambo moja nililojifunza kuhusu vyombo vya kutafutia, na sijalisahau hata leo vinapotafuta kabla hujamaliza kuandika: vitakuletea upesi kabisa kile ambacho hukukitafuta, tena mbele za watu.

Karani alikuwa ameegemea ukuta, mikono amejikunjia kifuani, macho yapo kwenye mlango.

"Niliipiga chapa," akasema. "Ilikuwa kwenye msumari."

Sote tukageuka. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mrefu wa paa ambako karani alichomeka karatasi zote za ofisi, mpya juu ya kuukuu, mpaka zinakuwa nene kama mkate. Msumari ulikuwa mtupu. Uling'aa.

Karani akatoka nje karibu akimbie, sisi nyuma yake. Mwisho wa banda, karibu na lango, palikuwa na akina mama waliofunga vinyago kabla ya kuvitia makashani. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, ameketi juu ya kasha lililokwisha kupigiliwa misumari.

"Mama, karatasi zilizokuwa kwenye msumari wa ofisi ziko wapi?"

"Si ziko kwa ndovu."

"Kwa ndovu?"

"Gazeti linatoa wino. Jakaranda ni nyeupe, inashika. Mwaka jana si mzungu alilalamika vinyago vimefika na habari za bunge mgongoni? Tukaambiwa tutumie karatasi za ofisi."

Hakuna aliyeuliza waliambiwa na nani. Wachongaji wakatazama mabati ya paa. Mwenyekiti akakohoa, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Fungueni makasha," karani akasema.

Mama hakusogea. "Haya? Haya yameombewa."

Ilikuwa desturi yetu. Kabla kasha halijapigiliwa msumari wa mwisho, watu waliweka mikono juu yake na mwenyekiti akaliombea: barabara, meli, na yule atakayelifungua upande wa pili. Kasha lililoombewa halikufunguliwa tena Nairobi. Wakati mmoja mtu alisahau tezo yake ndani ya kasha, na tezo ikasafiri.

"Mama," karani akasema, "nikienda nyumbani leo nitawaambia watoto nini? Kwamba karatasi ilikuwepo lakini imeombewa?"

Yule mama akanyanyuka kutoka juu ya kasha, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Lete mtarimbo."

Misumari ililia ikitoka. Tukawatoa ndovu, tukawavua karatasi mmoja mmoja, kila aliyejua kusoma akasoma alichoshika. Sijawahi kuona ofisi ikisomwa kwa namna hiyo. Hati ya simu. Mwaliko wa mkutano. Tangazo la choo. Mtu akapiga kelele, "Hii ni ya mnunuzi!" tukakimbia, kumbe ilikuwa ile aliyoulizia msiba wetu. Kasha la kwanza likaisha. Vinyago vikajaa sakafuni, mikonga imeinuka kila upande, na katikati yao karani amepiga magoti, anavua, anasoma, anatupa.

Katikati ya kasha la pili gari likapiga honi langoni.

Dereva akashuka, kijiti mdomoni, akasimama akatuangalia. "Niaje wasee? Mnafunga ama mnafungua?"

"Dakika kidogo tu," nikamwambia.

"Buda, meli haina dakika kidogo. Nikikosa foleni ya Mombasa mtaibebea hii mizigo kichwani?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama kando muda huo wote, mikono nyuma. Sasa akapiga makofi mara moja. "Basi. Imetosha. Pakieni vifaru. Ndovu warudi ndani."

Hakuna aliyetembea. Wachongaji walitazamana. Kijana mmoja akamwinua kifaru, akamweka chini tena. Karani hakuinua hata kichwa. Alikuwa amevuta kasha la tatu mwenyewe, ubao unamchana viganja.

"Mama, nimesema imetosha."

"Nimesikia, Mwenyekiti." Akatupa karatasi. "Nifukuze nikiwa natafuta."

Nami nikapiga magoti karibu naye, si kwa ushujaa. Pale chini ndipo palipokuwa mbali kidogo na macho ya mwenyekiti. Tukavua wa wastani, tukavua wadogo. Dereva akapiga honi tena, safari hii ndefu. Nilianza kufikiria jinsi ya kumwambia karani aache, maneno gani mtu hutumia, na shahada yangu yote haikunipa hata moja.

Kisha mikono yake ikasimama.

Alikuwa ameshika ndovu mkubwa ambaye mkonga wake ulikuwa umetoboa karatasi na kutokea juu, kama mtu aliyevaa fulana. Hakuivua. Alimzungusha yule ndovu taratibu, akisoma karatasi ikiwa bado mwilini mwake, midomo ikitembea. Akanyanyuka na ndovu kifuani, akaenda mpaka mbele ya mwenyekiti.

"Soma."

Mwenyekiti akapapasa mifuko. "Miwani nimeacha... Msomi, njoo usome."

"Asisome yeye," karani akasema. "Ulisema kwa macho yako."

Miwani ikapatikana; ilikuwa kichwani pake. Akasoma polepole, akimzungusha ndovu kama karani alivyofanya, na banda zima likawa linaangalia shingo yake. Mnunuzi alikuwa ameandika kwamba wateja wake huamini ndovu aliyeinua mkonga huleta baraka nyumbani, na aliyeushusha hanunuliwi hata kwa nusu bei. Kwa hiyo wote wawe juu, tafadhali, hata wale wadogo. Mwenyekiti alisoma mpaka mwisho, akachungulia na upande wa nyuma wa karatasi, ambako hakukuwa na kitu.

"Ni juu," akasema.

Wachongaji wakapumua kwa pamoja. Mtu akapiga mluzi. Mwenyekiti akamrudishia karani ndovu wake, na bila kumtazama akasema, "Fungeni."

Sasa ikawa shida nyingine. Karatasi nyingi zilikuwa zimeraruka kwa haraka yetu, na ndovu walikuwa uchi sakafuni. Yule mama akanyoosha mkono kwa karani. "Nipe na hiyo."

"Hii haifungi kitu." Alikwisha kuivua, akaikunja pamoja na tundu lake, akaitia ndani ya blauzi.

"Basi tufunge na nini? Na gazeti?"

Dereva akaishikilia honi bila kuiachia. Mwenyekiti akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa na kitu kama huruma. "Msomi. Ile hadithi yako. Iko kwa karatasi pia?"

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye droo ya chini, sura zote, pamoja na SURA3MPYAKABISA, zimepigwa chapa upande mmoja. Niliileta mwenyewe. Akina mama waliisifu kwamba ni laini na haina wino mwingi. Ndiyo kazi yangu pekee iliyowahi kuvuka bahari, na naamini ilifika salama, kwa kuwa hakuna aliyeandika kulalamika.

Makasha yalipojaa, tukaweka mikono juu yake ili yaombewe upya. Karani aliweka wake pembeni, vidole viwili tu, viganja vyake vikiwa vimechubuka. Mwenyekiti akafumba macho, akaanza. Aliombea barabara. Aliombea magurudumu na dereva, na dereva akavua kofia. Aliombea watu wa bandarini wasiwe na tamaa. Akamwombea mnunuzi. Kwa kawaida hapo ndipo alipomaliza, nasi tukavuta pumzi tuseme amina. Hakumaliza.

"Na Baba, wale wanaosikiliza maneno ya sokoni, uwape masikio mapya."

Watu wengine wakasema amina. Nikafumbua jicho moja. Karani alikuwa amefunga mdomo, macho wazi, anamtazama.

Mwenyekiti akangoja. Nadhani alikuwa akisikiliza amina moja iliyopungua, maana mtu aliyeombea makasha miaka mingi anazijua kwa sauti zake. Honi haikulia. Hata dereva alielewa kwamba mambo bado.

"Baba," akasema tena, chini zaidi, "mimi mtumishi wako nilimtilia shaka binti huyu mbele ya watu, na kosa la karatasi lilikuwa langu. Nimelisema mbele ya watu hao hao."

Karani akafumba macho.

"Amina," akasema, na nyundo zikaanza.

Kesho yake alikuja kazini na msumari wake mwenyewe na nyundo aliyoazima kwa jirani. Akaupigilia ukutani juu ya kompyuta, akaichomeka hapo ile imeli yenye tundu, kisha akaketi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo hakufuta ujumbe wowote. Wiki ile mwenyekiti aliingia ofisini akitafuta karatasi za kufungia vinyago, akatusalimu, akaulizia watoto. Akautazama ule msumari. Kisha akatoka kwenda kutafuta nyasi kavu.